Sekunde Nne za Dakika ya 83

Namba kumi na moja wetu alikuwa amechoka. Nilimwona akishika kiuno kila mpira ulipotoka, na hilo nilishalitaja hewani mara mbili. Kwa hiyo alipomwacha beki kule upande wa mbali, upande wa jua, nilisimama na simu yangu mdomoni.

"Anakokota, anakokota, ameingia ndani ya kumi na nane, pembe ni finyu kabisa, anapiga... goooooli!"

Nyavu zilitikisika. Jukwaa lililokuwa nyuma yangu liliruka lote, na mtu mmoja akanimwagia maji ya chupa mgongoni kwa furaha. Tulikuwa nyuma kwa bao moja tangu kipindi cha kwanza. Sasa tumesawazisha, dakika ya 83, na mimi ndiye ninayewapelekea habari hiyo watu waliobaki majumbani, madukani na mashambani. Sijui kama kuna raha nyingine inayofanana na ile.

Ilidumu sekunde nne.

Kisha nikamwona kipa wa wageni. Hakuwa amelala chini, wala hakuwa anagombana na mabeki wake. Alikuwa anatembea bila haraka kuufuata mpira nyuma ya goli. Mwamuzi alishanyoosha mkono kuonyesha kwamba kipa aanze. Mpira haukuingia. Uligonga nyavu za pembeni, kwa nje, nami niliyekaa upande wa pili wa uwanja niliuona kupitia kwenye nyavu zenyewe, nikadhani uko ndani.

Simu bado ilikuwa mdomoni. Studio walishapiga ile kengele yao ya goli. Nikasema:

"Mwamuzi anakataa! Mwamuzi analikataa goli, mpenzi msikilizaji!"

Hakukataa kitu. Hakukuwa na goli la kukataa.

Kijiweni

Mechi ilikuwa ya ligi ya mkoa, hapa Morogoro, na ikaisha hivyo hivyo, bao moja kwa bila. Jioni ile baba alinipigia simu kutoka Dakawa.

"Pole, mwanangu. Mmeonewa."

Nikamjibu, "Ndiyo mpira, baba."

Nililala vibaya, ila nilijiambia kwamba ni mambo ya uchanga. Nilikuwa na miezi saba tu tangu nianze kutangaza. Nani hakosei?

Jumanne asubuhi nikapita kijiwe cha bodaboda kununua chapati. Mada ilikuwa mechi. Mmoja anasema refa kapewa bahasha. Mwingine anasema bahasha ilitoka Jumamosi usiku, na anajua hata hoteli. Wa tatu, kijana mpole ambaye hunipakia mara kwa mara, akasema neno ambalo nimeishi nalo wiki sita hizi:

"Jamani, si hata mtangazaji aliliona? Alisema goli, tena kwa sauti, ndipo refa akalikataa. Mtangazaji atadanganya ili iweje?"

Wakanigeukia. Katika wale wote, hakuna aliyekuwa uwanjani siku ile. Mpira waliusikia kwangu.

Nilichukua chapati zangu nikaondoka.

Goli la Ndola

Baba yangu ana goli moja analolipenda kuliko magoli yote aliyowahi kuyaona, na hilo goli hajawahi kuliona.

Ni lile la Peter Tino, Ndola, mwaka 1979. Taifa Stars walikuwa wameifunga Zambia bao moja nyumbani, wakaenda kurudiana kule, na sare ya 1-1 ndiyo iliyowapa tiketi ya fainali za Mataifa ya Afrika za 1980 nchini Nigeria. Baba alilisikia kwenye redio ya National ya betri kubwa, kwa sauti ya Redio Tanzania Dar es Salaam. Hadi leo ukimuuliza, anachukua fimbo na kukuchorea mchangani: Zambia hapa, goli hapa, Tino anatokea huku. Anachora kwa uhakika wa mtu aliyekuwa amekaa jukwaa kuu.

Ukimwacha aendelee atakupeleka nyuma zaidi, 1975, Mseto ya hapa hapa Morogoro ilipochukua ubingwa wa Tanzania. Hayo pia mengi aliyapata kwa masikio.

Kizazi chake kiliona mpira kwa macho ya watangazaji kina Ahmed Jongo na Charles Hilary. Wenzetu wa Kenya walikuwa na Leonard Mambo Mbotela, aliyetutoka Februari 2025. Nilipokuwa mdogo nilidhani kazi yao ni kuwa na sauti nzuri, na nilipoanza kujifunza nikaanzia huko huko kwenye sauti. Nilijifungia chumbani nikivuta pumzi na kurefusha "goooli" mpaka jirani akagonga ukuta. Nilikusanya misemo kwenye daftari, kurasa kumi na mbili za misemo: ya kipa aliyeruka, ya beki aliyepigwa chenga, ya shuti lililopaa. Niliona nimeiva.

Mzee ndiye aliyenivua hayo. Namwita Mzee tu. Alitangaza mpira miaka mingi, sasa amestaafu na anafuga kuku wa mayai. Nilimpelekea rekodi yangu ya kwanza, akasikiliza dakika tano kwa macho yaliyofumbwa, kisha akafumbua.

"Mdogo wangu, mpira uko wapi?"

Nikadhani hajasikia vizuri. Nikarudisha nyuma.

"Nimesikia. Umesema beki kaliwa kama muwa. Sawa. Kaliwa wapi? Upande gani? Wanaelekea goli gani? Nimefumba macho hapa, nimepotea."

Viboksi vinane

Swali hilo lina umri mkubwa. BBC walipotangaza mpira wa miguu kwa mara ya kwanza redioni, tarehe 22 Januari 1927, Arsenal dhidi ya Sheffield United pale Highbury, waliona mapema kwamba msikilizaji atapotea. Wakachapisha mchoro wa uwanja kwenye gazeti lao la ratiba ukiwa umegawanywa viboksi vinane vyenye namba. Wasikilizaji wakakaa na gazeti mapajani. Mtangazaji, Teddy Wakelam, alieleza mchezo, na sauti ya pili pembeni yake ikawa inataja namba tu: mpira uko boksi la tatu, umeenda la tano.

Nilipoisoma habari hiyo nilifurahi kama niliyepewa ufunguo. Watu wale ndio kwanza walikuwa wanaanza. Kitu cha kwanza walichohangaikia kilikuwa kumwonyesha aliye mbali mahali mpira ulipo, na madoido yalikuja baadaye.

Nikaanza upya. Nilikata ubavu wa boksi la sabuni nikachora uwanja. Nikaokota visoda ishirini na viwili, kumi na kimoja vya rangi moja na kumi na kimoja vya rangi nyingine, nikaviandika namba kwa kalamu ya wino mzito. Kabla ya mechi navipanga kwa mfumo wa kila timu; mchezaji akitoka, namwondoa na kumweka aliyeingia. Vile visoda vimenisaidia kuliko daftari la misemo. Mkono ukigusa kisoda, jina linakuja mdomoni.

Mazoezi yenyewe niliyafanya kwenye chandimu za watoto mtaani. Saa kumi jioni nasimama pembeni ya kiwanja na simu, narekodi. Watoto hawana namba mgongoni. Wengine hawana hata fulana. Inabidi umjue mtu kwa mwendo: huyu anakimbia mabega juu, huyu ana kandambili mkononi, yule hapigi mguu wa kushoto hata umlipe. Baada ya wiki mbili wakawa wanakuja kuniuliza, "Leo umenitaja?" Nikimwambia mtoto "leo sijakutaja," namwona anavyonyongea, na kesho yake anakimbia mara mbili.

Pale nilijifunza uzito wa kumtaja mtu. Laiti ningeukumbuka siku ile ya dakika ya 83, pale Uwanja wa Jamhuri.

Na kuna suala la matokeo. Msikilizaji anafungua redio dakika yoyote, anataka kujua ngapi ngapi na dakika ya ngapi. Mtangazaji wa besiboli wa Marekani, Red Barber, alikuwa anaweka mbele yake kile kichupa cha mchanga cha kupimia mayai yanapochemka, cha dakika tatu. Mchanga ukiisha, anataja matokeo, anakigeuza. Mimi sina kichupa. Nina simu ya pili, ya tochi, iliyotegwa itetemeke mfukoni.

Mpira unapigwa

Baada ya ile Jumanne ya kijiweni niliomba rekodi ya mechi nzima studio. Nilitaka kuisikiliza dakika ya 83 peke yake. Sikuweza. Nikaanzia mwanzo, kama anayetafuta ugonjwa ulipoanzia.

Na ugonjwa ulianza mapema. Nasikia sauti yangu, dakika ya tisa:

"Mpira unapigwa mrefu pale, unaokolewa, unarudishwa tena, unachezwa pembeni, unarushwa, unapokelewa vizuri, unapigwa krosi..."

Unapigwa na nani?

Kiswahili kina huruma kubwa kwa mtangazaji asiyejua. Kinakupa *unapigwa*, *unaokolewa*, *unarushwa*, na mpira unatembea uwanja mzima wenyewe, hauna mtu. Na usipotaka kutendwa, kuna *a-* ile ya mwanzo wa kitenzi: "anampa, anamrudishia, anamtazama." Nani anampa nani? Yeyote. Sentensi imekamilika kisarufi na sauti haikukwama, kumbe msikilizaji hana kitu mkononi. Kwa timu ya nyumbani nilitaja majina mazuri kabisa. Wageni, katika dakika kumi za kwanza, niliwataja kwa majina mara nne. Orodha yao niliipata kwa kamisaa, msimamizi wa mchezo, dakika kumi na tano kabla ya mechi, namba za jezi zao zilikuwa zimechujuka, na sikujihangaisha kwenda kuwauliza walipokuwa wanapasha misuli. Nikawaficha wote kwenye *-wa*.

Nilipogundua hilo nilizima rekodi nikatoka nje kukaa. Nilikuwa nimedhani uwongo ulianza dakika ya 83.

Nikarudi ndani nikasikiliza nyakati. Hapa ndipo lugha yetu ilipo tamu, na sijaona watu wakilizungumzia vya kutosha. Mtangazaji mzuri anakaa kwenye *-na-* muda mrefu: anakokota, anakokota, anaangalia. Hiyo *-na-* inamweka msikilizaji pale pale, mguu juu ya mpira. Likitokea la ghafla, anakata: "Kapiga! Kakosa!" Ile *ka-* ya mtaani, fupi kama kofi, hakuna muda wa kuvuta *amepiga* yote. Halafu inakuja *-me-*, na *-me-* ni ya jambo lililokwisha. Mpira umetoka. Kipa ameudaka. Ukisema *-me-* umetia sahihi.

Mimi nilikuwa natia sahihi kila mahali. "Umeshatoka huo," kumbe beki kauwahi kwenye mstari. "Ameshampita," kumbe hajampita. Nilikuwa natangaza ninachotarajia, kisha naomba uwanja unifuate. Mara nyingi ulinifuata, kwa kuwa mpira wa miguu una mazoea yake na mtu ukiutazama sana unayajua. Ndiyo maana sikushtuka mapema.

Neno *goli* lenyewe halina wakati. Halina *-na-* wala *-me-*. Ukilitamka umeshalitamka. Sheria ya 10 ya mpira inasema goli ni mpira wote uwe umevuka mstari wote wa goli, kati ya milingoti, chini ya mwamba. Yote hayo yanabebwa na neno la silabi mbili linalotoka mdomoni kabla hujafikiri.

Na ile sentensi iliyofuata? "Mwamuzi anakataa." Nilitumia *-na-*. Wakati wa mtu anayeona. Hilo ndilo lililonikaa rohoni zaidi. Goli nililiona vibaya, lakini kukataa kwa mwamuzi sikukuona kabisa. Nilikutunga, nikakuvika sauti ya shahidi.

"Redio imesema"

Kwa Mzee nilikwenda jioni, akiwa anaokota mayai. Shikamoo, marahaba, nikamweleza yote nikiwa nimeshika trei. Hakunikatisha.

"Ulipomwona kipa anatembea," akasema, "ungesema hivyo. Kipa anatembea. Anaufuata mpira nyuma ya goli. Jamani, nimeona vibaya, ni nyavu za pembeni. Basi. Sekunde sita."

"Niliona aibu, Mzee."

"Najua." Akapanga mayai matatu kwenye trei. "Umeshakwenda kwa mwamuzi?"

Nilikuwa nimefikiria kuomba radhi hewani. Kwenda kwa mwamuzi sikuwa nimefikiria. Na pale redioni, nilipotaja tu kuomba radhi, niliambiwa niache, watu wameshasahau, nikirudia nitawakumbusha na wadhamini hawatapenda. Nilikubali kwa wepesi unaonisikitisha sasa. Wiki tatu zikapita hivyo. Nilitangaza mechi mbili nyingine, na kila mwamuzi alipopuliza filimbi koo lilikauka.

Mwamuzi ni mwalimu wa shule ya msingi. Nilimkuta darasani baada ya masomo, anasahihisha madaftari. Nilijitambulisha ingawa alinijua kwa sauti nilipobisha hodi tu.

"Karibu, mtangazaji."

Nikamwambia. Nilikuwa nimeandaa maneno, yakatoka mengine. Aliweka kalamu nyekundu juu ya daftari.

"Kutukanwa uwanjani nimezoea," akasema. "Nikitoka pale nafika nyumbani, nimepumzika. Siku ile matusi yalinitangulia nyumbani. Nimefika, mwanangu wa darasa la tatu ananiuliza, baba, kwa nini ulikataa goli? Nikamwambia sikukataa, mpira haukuingia. Akaniambia, redio imesema."

Sikuwa na la kujibu.

"Nilimfundisha mimi kusikiliza redio," akaongeza. "Taarifa ya habari, kila siku saa mbili usiku. Nikamwambia ndiko utakakojua dunia."

Kisha akafanya jambo ambalo sikulitarajia. Akasimama, akachukua chaki, akachora goli ubaoni, akauliza, "Ulikaa wapi?" Nikamwonyesha: dawati letu, karibu na mstari wa kati, upande huu. Akachora mstari kutoka jichoni kwangu mpaka kwenye nyavu za mbali. "Kutoka hapo," akasema, "kila shuti litakalogonga huku nje utaliona goli. Hata mimi ningeliona goli. Sasa msaidizi wangu alikuwa huku. Ulimtazama?"

Sikumtazama.

"Likiwa goli la wazi, mshika kibendera anakimbia kurudi kuelekea mstari wa kati. Mimi naonyesha kati. Kama ni mpira wa kipa, anasimama, anaonyesha kule. Sisi tunasema na ninyi muda wote, kwa mikono. Kwa nini hamtusomi?"

Tulikaa pale mpaka jua likaanza kushuka, ananifundisha ishara, za mkono mmoja na za mikono miwili, nami naandika. Mwanafunzi aliyekuja kuchukua ufunguo wa darasa alitukuta, akasimama mlangoni akitushangaa.

Sikumwomba anisamehe mara ya pili, naye hakusema amenisamehe. Alinipa mkono.

Hewani

Jumapili iliyofuata, kabla ya mpira kuanza, nilisema. Sikuomba ruhusa. Niliandika maneno kwenye ukingo wa lile boksi la sabuni, juu ya visoda, ili nisipambe:

"Kabla ya mpira kuanza, nina la kurekebisha. Katika mechi ya wiki nne zilizopita, dakika ya 83, nilitangaza goli na baadaye nikasema mwamuzi amelikataa. Mpira ule haukuingia. Uligonga nyavu za pembeni kwa nje. Mwamuzi hakukataa goli. Aliamua sawasawa, na niliyekosea ni mimi, mara mbili. Naomba radhi kwake, kwa familia yake na kwako msikilizaji."

Fundi mitambo studio alikaa kimya, nikadhani simu imekatika. Halafu nikasikia, "Uko hewani bado, endelea." Nikasoma vikosi. Vyote viwili, majina yote, wageni kwanza.

Ujumbe ulikuja. Mmoja alishukuru. Mmoja alinitukana kwa kuisaliti timu ya nyumbani. Na yule kijana mpole wa bodaboda, nilipokutana naye, alisema amesikia, kisha akatikisa kichwa: "Lakini refa yule bado ana lake jambo." Nilijaribu kumweleza, nikamchorea na pembe yenyewe kwa kidole kwenye kiti cha pikipiki yake. Alinisikiliza kwa adabu. Sidhani kama nilimtoa pale. Lile goli la uwongo lilitangazwa kwa sauti ya juu kabisa niliyonayo, na kengele, na jukwaa zima likipiga kelele nyuma. Marekebisho niliyasoma kwenye boksi la sabuni, uwanja ukiwa nusu tupu. Bado natafuta namna ya kuyafanya haya mawili yalingane, na sijaipata.

Kutangaza kwangu kumebadilika, na si kote kwa uzuri. Nafika uwanjani saa moja na nusu kabla. Nawafuata wageni wanapopasha misuli, namshika nahodha wao, tunapitia orodha: huyu anaitwaje, mnamwita nani, yupi ana soksi zimeshuka. Nimelihamisha dawati letu kidogo, ingawa upofu wa kona ile ya mbali hauishi. *Unapigwa* bado inanitoka, ila sasa nikiisikia nashtuka na kutafuta mtu. Kwa upande mwingine, nimekuwa mzito. Msisimko wangu unachelewa nusu hatua nyuma ya jukwaa, na kwa redio nusu hatua ni nyingi. Nawasikia wenzangu wa stesheni kubwa wanavyopaa na shuti likiwa bado hewani, nawaonea wivu. Mzee ananiambia nisijali, mguu utarudi. Sijui.

Juzi Jumapili, dakika ya 61, krosi ikatoka kulia. Nililijua jina la aliyeipiga, nikalitaja. Namba tisa wa wageni akaruka, nikamtaja, akapiga kichwa, mpira ukaenda kule kule, goli la mbali, upande wa jua, nyavu zikatikisika. Jukwaa likatoa ule mguno wake. Mdomo wangu ulikuwa umeshafunguka.

Nikamtafuta mshika kibendera.

Alikuwa amesimama. Moja. Halafu akageuka, akaanza kukimbia kuelekea mstari wa kati. Mbili. Mwamuzi mkono kati.

"Goli."

Jioni baba akapiga simu kutoka Dakawa.

"Mwanangu, lile goli la leo. Kapiga krosi, karuka yule namba tisa, kapiga kichwa, halafu ukanyamaza. Nikadhani betri zimeisha. Nimeichukua redio nikaipigapiga mgongoni."

"Hazikuisha, baba. Nilikuwa naangalia."

"Ahaa." Akakaa kidogo. "Sasa huyo namba tisa, alitokea upande gani wa beki? Niambie vizuri, nimeshika fimbo hapa."